Namna ya Kukadiria Kurudi kwa Samoni Mtoni kwa Kusoma Hali ya Bahari

Mtu anayetaka kujua kwa nini samoni wamerudi mtoni kwa wingi mwaka huu, au kwa nini wameadimika, huanza vyema akiacha kwanza kuutazama mwaka huu. Samoni anayepanda mto leo, akiwa mnene na tayari kutaga mayai, alipita katika mtihani wake mkubwa miezi mingi iliyopita, pale alipotoka mtoni akiwa na urefu wa kiganja na kuingia katika maji ya chumvi kwa mara ya kwanza. Wengi wa wale walioondoka pamoja naye hawakumaliza hata miezi michache ya mwanzo baharini. Kwa hiyo swali la kuulizwa kila mara ni hili: bahari ilikuwa katika hali gani mwaka ambao samaki hawa waliingia?

Mwongozo huu umekusudiwa mwalimu wa jiografia au baiolojia, mwanafunzi, na mwandishi wa habari za mazingira aliyeko Nairobi na ambaye angependa kulifuatilia jambo hili kwa takwimu badala ya kulisoma tu kama habari ya mbali. Takwimu zote zinazohitajika hutolewa bila malipo na taasisi za umma za Marekani na Kanada, na simu yenye bando inatosha kuzifungua, ingawa kompyuta hurahisisha kazi ya kuchora grafu. Niseme mapema kwamba samoni anayeuzwa katika maduka makubwa ya jijini kwa kawaida ni wa kufugwa katika vizimba, naye hatatufaa hapa kwa kuwa hakuhama kwenda popote.

Mfahamu samaki kabla ya kufungua takwimu

Samoni huzaliwa katika maji matamu ya mto, hushuka baharini kula na kukua, kisha hurudi katika mto uleule alimozaliwa ili atage. Mkunga wa mito yetu hufanya kinyume chake: yule anayepatikana katika mto Tana na mto Athi hukulia mtoni na kwenda kutaga mbali katika Bahari ya Hindi, na watoto wake ndio wanaopanda mto. Trauti wa vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, yule mwenye mstari wa rangi ubavuni anayezalishwa katika kituo cha Kiganjo, ni wa spishi moja na samaki wa Amerika Kaskazini anayeshuka hadi baharini na kurudi kama samoni. Hapa kwetu yeye humaliza maisha yake yote kijitoni.

Katika Bahari ya Pasifiki kuna spishi kadhaa za samoni, na tofauti inayotuhusu ni muda wanaokaa baharini. Samoni wa waridi, Oncorhynchus gorbuscha, hushuka baharini muda mfupi baada ya kuanguliwa na kurudi mwaka unaofuata, hivi kwamba maisha yake yote ni ya miaka miwili bila kukosea. Koho, Oncorhynchus kisutch, kwa kawaida hukaa baharini takriban miezi 18. Sokai, Oncorhynchus nerka, hukaa miaka miwili au mitatu, na chinuku, Oncorhynchus tshawytscha, aliye mkubwa kuliko wote, anaweza kukaa mwaka mmoja au hata zaidi ya minne. Usipoijua idadi hiyo kwa mto unaouchunguza, utaulinganisha mwaka wa samaki na bahari isiyokuwa yake, na hesabu yote itaharibika.

Wataalamu huthibitisha umri huo kwa gamba. Gamba moja la samoni likiwekwa chini ya darubini huonyesha mistari ya duara inayoanzia katikati kuelekea ukingoni: katika miezi ya chakula kingi mistari huachana, na katika majira ya baridi hubanana hadi kuonekana kama mkanda mweusi. Mistari ya mtoni ni myembamba na ya karibu. Pale inapopanuka ghafla ndipo samaki alipoionja bahari. Kuanzia hapo, kila mkanda mweusi ni majira ya baridi moja yaliyopitiwa baharini.

Chagua mto mmoja na samaki mmoja

Nashauri kuanza na mto Columbia, unaopita mpakani mwa majimbo ya Oregon na Washington, kwa sababu hesabu zake ni za muda mrefu na hutolewa kila siku. Bwawa la Bonneville, lililo takriban kilomita 235 kutoka baharini, limekuwa likihesabu samaki wanaopanda tangu mwaka 1938. Samaki hupitia ngazi za maji zilizojengwa pembeni mwa bwawa, na mahali fulani katika ngazi hizo hulazimika kupita mbele ya dirisha la kioo. Mhesabuji huketi upande wa pili na kutambua kila samaki kwa umbo, madoa na mkia anapopita. Huhesabu kwa dakika 50 katika kila saa, kisha idadi hiyo huongezwa ili kufidia dakika 10 za mapumziko. Kazi huanza saa kumi alfajiri kwa saa za kawaida za huko, ambapo Nairobi ni saa tisa alasiri, na huisha saa mbili usiku, ambapo sisi tumeshafika saa moja asubuhi ya siku inayofuata. Kwa hiyo usitafute hesabu ya siku kabla siku yao haijaisha.

Fungua daftari au jedwali la kompyuta na utenge safu mbili za miaka: mwaka wa kurudi na mwaka wa kuingia baharini. Kwa koho anayehesabiwa Septemba na Oktoba, toa mwaka mmoja. Kwa sokai wa Columbia, na kwa chinuku wanaopanda kati ya Machi na Mei, toa miwili, ukikumbuka kwamba wachache huwahi na wachache huchelewa. Kuanzia hapa, hali ya bahari iandikwe kila mara mbele ya mwaka wa kuingia.

Soma upepo wa pwani

Samoni wachanga wa Columbia huingia baharini hasa kati ya Aprili na Juni. Watakachokikuta hutegemea upepo. Upepo ukivuma kutoka kaskazini sambamba na pwani ya Oregon, mzunguko wa dunia husukuma maji ya juu kuelekea kulia mwa upepo, yaani kuelekea bahari kuu, na maji ya kina, yaliyo baridi na yenye rutuba nyingi, hupanda kujaza nafasi iliyoachwa. Rutuba hiyo ikifikiwa na mwanga wa jua, planktoni za mimea, yaani vijimea vinavyoelea baharini, huchanua, vijidudu vya baharini huzila, na samoni mchanga hukuta meza imeandaliwa. Kanuni hiyo ya maji kuelekea kulia mwa upepo katika nusu ya kaskazini ya dunia, na kushoto katika nusu ya kusini, ilielezwa kihesabu na Vagn Walfrid Ekman wa Uswidi mwaka 1905.

Sisi tuna mfano wake karibu zaidi kuliko Oregon. Kusi inapovuma kwa nguvu kati ya Juni na Septemba, hupita sambamba na pwani ya Somalia ikielekea kaskazini-mashariki. Pwani hiyo, kwa sehemu kubwa, iko kaskazini ya ikweta, hivyo maji ya juu huondolewa kwenda bahari kuu na maji ya kina hupanda, kiasi kwamba joto la uso wa bahari linaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi mahali ambapo mtu angetarajia maji ya uvuguvugu. Kusi hiyohiyo ikiwa Malindi na Mombasa, kusini ya ikweta, huyasukuma maji kuelekea ufukweni, nayo haileti neema kama hiyo. Mwalimu anayetaka wanafunzi waelewe upepo wa Oregon na awaoneshe kwanza ramani ya joto la bahari ya Somalia ya mwezi Agosti. Baada ya hapo hakuna kitakachohitaji maelezo marefu.

Kipimo cha kupanda huko kwa maji ya kina kinaitwa CUTI, nacho kinapatikana kwa kila siku kuanzia mwaka 1988, kwa kila latitudo kuanzia 31 hadi 47 Kaskazini. Pakua takwimu za latitudo ya 45. Thamani chanya humaanisha maji ya kina yanapanda, na thamani hasi humaanisha maji ya juu yanashushwa. Kisha fanya hivi: anza tarehe 1 Januari na ujumlishe thamani za kila siku, moja juu ya nyingine. Katika miezi ya baridi jumla itazidi kushuka. Siku itakayofika chini kabisa na kuanza kupanda ndiyo siku msimu wa neema ulipoanza. Iandike tarehe hiyo. Tarehe ya mapema inayofuatiwa na mpando usiokatikakatika ni dalili njema. Tarehe iliyochelewa humaanisha kwamba samoni wachanga walifika kabla ya chakula.

Mwaka 2005 unafaa kuwa zoezi la kwanza, kwa sababu kosa la bahari lilikuwa wazi. Kupanda kwa maji huko Oregon na kaskazini mwa California hakukushika nguvu hadi katikati ya Julai. Chinuku wa mto Sacramento walioingia baharini mwaka huo walitarajiwa kurudi zaidi mwaka 2007 na 2008. Mto huo, ambao mwaka 2002 ulipokea zaidi ya chinuku 700,000 wa majira ya mwisho wa mwaka, ulipokea chini ya 70,000 mwaka 2008, ilhali wasimamizi walitaka wasipungue 122,000. Uvuvi wa samoni katika bahari ya California ulifungwa mwaka 2008 na tena 2009. Mtu aliyetazama bahari ya 2008 peke yake asingepata jibu, kwa sababu mwaka huo bahari ilikuwa baridi na yenye rutuba.

Tazama mafuta, siyo wingi peke yake

Hapa ndipo ninapoamini siri kubwa ilipo, na ndipo waandishi wengi wa habari hupita mbio. Maji ya pwani yanaweza kuwa na planktoni tele na bado samoni wakafa, kwa kuwa planktoni hazilingani kwa lishe. Kopepodi ni kijidudu cha jamii ya kamba ambacho ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kopepodi wa maji baridi ya kaskazini hujiwekea akiba ya mafuta ili waweze kuvuka majira ya baridi wakiwa wamelala katika kina; ukiwatazama kwa darubini utaona ndani ya miili yao iliyo wazi kifuko kirefu cha mafuta kinachong'aa. Kopepodi wa maji ya joto ya kusini hawana haja ya akiba hiyo, nao ni wakavu. Krili, ambao ni viumbe wadogo wanaofanana na kamba, na samaki wadogo wakila kopepodi wenye mafuta, nao hunona, na samoni mchanga anayewala hukua upesi hadi kuwa mkubwa mno kwa midomo mingi inayomwinda. Wakila wale wakavu, hula siku nzima na wasikue.

Watafiti wakiongozwa na marehemu Bill Peterson walianza mwaka 1996 kuchota maji takriban kila baada ya wiki mbili katika mstari unaoanzia mji wa Newport, Oregon, kuelekea bahari kuu, na kazi hiyo imeendelea. Matokeo yake huwekwa pamoja na vipimo vingine katika jedwali la mwaka kwa mwaka, kuanzia 1998, lenye rangi za taa za barabarani: kijani kwa hali njema, manjano kwa hali ya kati, nyekundu kwa hali mbaya. Tafuta jedwali hilo katika tovuti ya NOAA, shirika la Marekani linaloshughulikia bahari na hali ya hewa. Usiishie kwenye rangi ya wastani iliyo chini kabisa. Soma kwanza mistari ya kopepodi wa kaskazini na wa kusini, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayoeleza kwa nini miaka miwili yenye joto linalokaribiana ilitoa samaki wasiokaribiana.

Vipimo vikubwa vya bahari na mipaka yake

Pasifiki ya kaskazini ina mabadiliko ya joto yanayodumu kwa miaka mingi, yanayopimwa kwa faharasa iitwayo PDO. Jina hilo lilitolewa mwaka 1996 na Steven Hare, mtafiti wa uvuvi, alipokuwa akichunguza kwa nini samoni wa Alaska huwa wengi wakati wale wa kusini wanapopungua, na kinyume chake. PDO ikiwa chanya, maji ya pwani ya Amerika Kaskazini huwa na joto, samoni wa Alaska kwa kawaida hunufaika, na wale wa Oregon, Washington na California huumia. Mgeuko wa mwaka 1977 kuelekea upande chanya ndio unaotajwa zaidi.

El Niño haihitaji utambulisho Nairobi. Ile ya 1997 na 1998, iliyojaza mito yetu na kukata barabara, ndiyo iliyopasha joto bahari ya California na kuwasukuma kopepodi wakavu wa kusini hadi Oregon. Hupimwa kwa joto la sehemu ya katikati ya Pasifiki ya ikweta, kati ya longitudo 170 na 120 Magharibi, na husemwa kuwepo joto hilo likizidi wastani kwa nusu digrii au zaidi kwa misimu kadhaa mfululizo. Andika thamani ya Aprili hadi Juni ya mwaka wa kuingia.

Lakini mtu wa Nairobi anajua pia kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2019 hazikuletwa na El Niño. Chanzo kikuu kilikuwa Bahari ya Hindi yenyewe, ambayo upande wake wa magharibi ulikuwa na joto kuliko wa mashariki kwa kiasi kisicho cha kawaida. Vivyo hivyo, uhusiano wa PDO na samoni wa Alaska, uliokuwa imara katika miaka ya 1970 na 1980, umelegea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kisha likaja joto la baharini lililoanza mwishoni mwa 2013 na kudumu hadi 2016, ambalo Nick Bond, wakati huo akiwa mtaalamu wa hali ya hewa wa jimbo la Washington, alilipa jina la utani lililoenea kote, “the Blob”, na ambalo sehemu fulani lilizidi wastani kwa zaidi ya nyuzi 2.5. Ndiyo maana naiweka PDO katika safu ya mwisho ya jedwali langu.

Mwaka wa kurudi: njia na joto la mto

Idadi ikishaamuliwa kwa sehemu kubwa na mwaka wa kuingia, mwaka wa kurudi huamua njia watakayopita, wakati watakaofika na wangapi watafika mahali pa kutagia wakiwa hai. Katika bahari kuu samoni huongozwa na uga wa sumaku wa dunia. Wakikaribia pwani, hufuata harufu ya mto wao waliyoihifadhi tangu utotoni, jambo ambalo Arthur Hasler na wenzake walianza kulionyesha kwa majaribio katika miaka ya 1950. Sokai wa mto Fraser wa Kanada hulazimika kukizunguka kisiwa cha Vancouver kwa upande wa kaskazini au wa kusini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba uchaguzi huo hufuata mabadiliko madogo ya uga wa sumaku pamoja na joto la bahari: maji yakiwa ya joto, wengi zaidi hupita kaskazini. Kwa mvuvi anayengojea upande wa kusini, samaki wanaweza kuonekana wametoweka kumbe wamepita mlango mwingine.

Kisha kuna joto la mto. Likizidi nyuzi 20 za Selsiasi, samoni huchoka, hushambuliwa na maradhi na huweza kusimama wasipande. Baadhi ya majedwali huandika kwa Farenhaiti, ambapo kiwango hicho ni 68. Mwaka 2015 unafundisha jambo hili kwa uchungu: zaidi ya sokai 500,000, ambao wengi wao waliingia baharini mwaka 2013 kabla ya joto kubwa kutanda, walipita Bonneville, na takriban 250,000 walikufa mtoni kwa maji yaliyopata joto mapema mno. Bahari ilikuwa imewalea vizuri. Weka safu ya joto la mto la Juni na Julai, nawe usiichanganye na safu za bahari.

Andika makadirio yako

Kabla ya kukadiria, uliza wazazi walikuwa wangapi. Katika mto Fraser, sokai walioingia baharini mwaka 2007 walirudi 2009 wakiwa karibu milioni 1.5, ilhali zaidi ya milioni 10 walitarajiwa, na serikali ya Kanada ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Bruce Cohen. Mwaka uliofuata walirudi takriban milioni 28. Ni kweli kwamba bahari ya 2008 ilikuwa baridi na njema, lakini 2010 ulikuwa pia mwaka mkubwa katika mzunguko wa miaka minne wa sokai wa kijito cha Adams, na anayeipa bahari sifa yote hutoa hesabu nusu.

Sasa linganisha. Tafuta katika jedwali lako miaka mitatu au minne ya kuingia inayofanana zaidi na mwaka unaoukadiria kwa tarehe ya upepo, kopepodi na joto, na uangalie ni samaki wangapi walirudi kutoka katika kila mmoja. Andika masafa, yaani idadi ya chini na ya juu, badala ya namba moja, na uyaandike pamoja na tarehe kabla msimu wa kupanda haujaanza. Darasani, kila kundi na liandike sababu ya kuchagua miaka hiyo, kwa kuwa mabishano kuhusu sababu hizo hufundisha zaidi ya namba itakayopatikana.

Hesabu ya chinuku wa mwisho wa mwaka huko Bonneville hufungwa katikati ya Novemba, na hapo ndipo utakapopima umbali kati ya makadirio na ukweli. Katika jedwali hilohilo kuna safu ya madume madogo yaliyorudi mwaka mmoja kabla ya wenzao, ambayo wasimamizi wa uvuvi huyatumia kukadiria msimu unaofuata, kwa kuwa yaliingia baharini siku zilezile na ndugu zao ambao bado wako huko. Yakiwa mengi, kundi lililobaki nalo huelekea kuwa kubwa. Inakili idadi yao kwenye mstari wa mwaka ujao, kando ya tarehe ya upepo na hali ya kopepodi ambazo tayari unazo.